Mwenyeji wa Watu wa Risachi

Asubuhi hiyo niliamka Garsen, nikanawa uso, nikaona sina sababu ya kubaki wala mahali pa kwenda. Hali hiyo hunijia mara kwa mara, na dawa yake ni moja: kuondoka kabla jua halijapanda. Shule niliiacha darasa la saba kwa maradhi hayo hayo, na sijapona. Nikafunga nguo zangu ndani ya kikoi, nikadandia pikipiki ya mtu aliyekuwa akienda Golbanti kutafuta mbegu ya mpunga. Golbanti nikakuta boti la injini likipakia saruji na mabati. Mwenye boti alikuwa kijana mnene, amekaa juu ya mifuko ya saruji kama mtu anayeatamia mayai.

"Linaenda wapi?" nikamuuliza.

"Ozi."

"Ozi kuna nini?"

"Maembe na mbu. Na yule Mwenyeji wenu wa Garsen, amehamia huko. Hii saruji ni yake, anajenga choo."

Nikapanda. Sikuwa na mpango, lakini jina hilo lilinivuta. Yuko mwanamke Nairobi ambaye shahada yake ya uzamili imekwama mdomoni mwa mzee huyo. Mzee akisema neno moja, atahitimu. Asiposema, chuo kitamfuta. Mwanamke huyo hunipigia simu kila akikata tamaa, kwa kuwa katika Garsen yote mimi ndiye niliyebaki kuipokea simu yake. Huuliza, "Amesema?" Na kwa muda mrefu nilikuwa namjibu kwamba hata aliko sipajui. Sasa nilikuwa nimepajua, na mto kutoka Golbanti hadi Ozi una kona nyingi, zinamtosha mtu kumkumbuka mwenzake bila haraka.

Jina la mzee huyo la kuzaliwa nalijua, lakini halina kazi hapa. Jina la "Mwenyeji" lilitoka vyuoni. Alikuwa akiendesha shirika dogo Garsen, vyumba viwili nyuma ya ghala la magunia, na kazi ya shirika ilikuwa kuwapatanisha wakulima wa kando ya mto na wafugaji wa nyikani kila ukame unapowasukuma ng'ombe kuyafuata maji. Vyuo vikuu vikaipenda kazi hiyo. Vikaanza kumletea wanafunzi wa shahada za juu, wakae kwake miezi kadhaa wakifanya utafiti chini ya macho yake. Katika karatasi zao yeye aliitwa msimamizi mwenyeji. Vijana wa pikipiki walipolisikia jina hilo walicheka hadi wakashika matumbo, kwa sababu mzee huyo hakuwa mwenyeji wa Garsen hata kidogo. Alikuja pale kama nilivyokuja mimi, na mfuko mmoja. Jina likamganda. Wanafunzi nao wakaitwa risachi.

"Buda, risachi yako imeshuka steji," vijana walikuwa wakimpigia simu. "Iko na mabegi tatu na inauliza choo."

Mimi alinichukua nikiwa hotelini nakunywa chai nisiyojua nitailipaje. Aliniuliza kama najua kuendesha pikipiki. Nikamwambia najua. Akaniuliza kama nawajua watu wa hapa. Nikamwambia simjui mtu.

"Vizuri," akasema. "Utawabeba risachi wangu. Anayewajua watu huwapeleka kwa shangazi zake tu."

Akaniita Mpita-njia, na mpaka leo haniiti vingine.

Alikuwa mkatili. Naanza na hilo kwa sababu wanaomsifu huliweka mwisho, kama chumvi waliyoisahau. Ukatili wake haukuwa wa mikono. Ulikuwa wa ulimi na wa kunyamaza, na huo wa pili ndio uliouma zaidi.

Siku ya kwanza kila risachi alipelekwa hoteli iliyo karibu na soko la mbuzi, ambako madalali hunywa chai. Mwenyeji alivaa miwani, akaomba andiko la utafiti, akalisoma kwa sauti huku akilifasiri.

"Huyu anatafuta mitazamo ya jamii kuhusu usimamizi shirikishi wa rasilimali za maji. Maana yake, amesafiri kutoka Nairobi aje kuwauliza kama mnapenda maji."

Madalali walitafakari. "Tunapenda," mmoja akajibu.

"Basi," Mwenyeji akamgeukia mwanafunzi, "utafiti umekwisha. Basi la kurudi lipo saa saba."

Yule aliyecheka pamoja na watu hakumpenda. Alisema anayecheka akichekwa ni mwongo, na mwongo atamletea majibu matamu. Yule aliyelia alimwacha alie mpaka amalize, kisha akamnunulia mahamri. Aliyekasirika ndiye aliyembakisha karibu.

Hakumwita mwanafunzi yeyote kwa jina. Aliwaita kwa mada zao. Alikuwapo Mbu, alikuwapo Mafuriko, alikuwapo Samaki. Alikuwapo mwanamume mmoja wa uzamivu, mtu mzima mwenye kitambi na mke, aliyekuja kuchunguza ndoa za mapema, na huyo sokoni aliitwa kwa sauti, mbele ya wauza nyanya: "Ndoa za Utotoni, njoo uchukue maji yako ya kuoga." Yule bwana aliomba aitwe hata Ndoa tu. Mwenyeji akamwambia jina likikatwa katikati huharibu utafiti.

Jioni walipokuja na vinasa sauti vyao vimejaa, hakuwauliza wameambiwa nini.

"Nani amekataa kuongea na wewe?"

"Hakuna aliyekataa, Mzee. Wote wamejibu vizuri."

"Basi hujafika. Kesho rudi. Usiniletee ulichojibiwa, niletee ulichonyimwa."

Maneno hayo wengi waliyaandika. Nimesikia kwamba wengine siku hizi huyafundisha vyuoni kama yao.

Lakini pia aliwapikia. Hilo sijaona msimamizi mwingine akilifanya. Alisonga ugali mwenyewe, akapika kambare kwa nazi, na mwanafunzi alipakuliwa kwanza, kipande kikubwa, chenye mafuta. Kisha alianza kumkosoa akiwa anatafuna, kwa kuwa mwenye tonge mdomoni hawezi kujitetea. Risachi waliondoka Garsen wakiwa wamenenepa na wamekonda roho.

Yule Mbu alipata malaria. Mtafiti wa mbu, na vyandarua vyake vya majaribio, akapigwa na malaria hadi akaweweseka. Mwenyeji alitangaza habari hiyo mji mzima, akasimama kwenye duka la dawa akaisimulia upya kwa kila aliyeingia. Na huyo huyo akampa Mbu kitanda chake, yeye akalala juu ya meza ya ofisi, akampangusa matapishi kwa shuka lake mwenyewe. Binti alipopata nafuu akataka kumshukuru.

"Usinishukuru," Mwenyeji akasema. "Ukifia kwangu, nitaandikishwa ripoti."

Tabia nyingine iliyonichukua muda kuielewa ni ya lugha. Alizijua zote za pale. Akikutana na mkulima alimsalimu kwa Kiorma, lugha ya wafugaji. Akikutana na mfugaji alimsalimu kwa Kipokomo, lugha ya wakulima. Walimkunjia uso kila mara, na kila mara walimjibu. Nilimuuliza sababu. Akasema mtu akisikia lugha ya mwenziwe ikitoka kinywani mwa mpatanishi, anakumbuka kwamba naye akisema siri yake itaeleweka.

Watu walikuwa na maelezo yao kuhusu ukatili huo. Wengine walisema zamani alimtembeza msomi fulani nyikani miaka na miaka, na kitabu kilipotoka hakutajwa. Wengine walisema yeye mwenyewe alifukuzwa chuo. Nami kwa kuwa siwezi kukaa na swali bila kuliuliza, siku moja tukiziba pancha njiani nikamuuliza ni lipi la kweli.

"Hakuna," akasema. "Napenda tu. Wengine wanapenda bao, mimi napenda kumwona msomi akitafuta maneno."

Akashika pampu, akaendelea kujaza upepo. Sikuona uso wake ukibadilika.

Mwanamke wa Nairobi alikuja mwaka ambao mvua za vuli zilinyesha kidogo. Aliitwa Malisho, kwa sababu mada yake ilikuwa malisho na maji. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha kazi ili asome, na chuo kilikuwa kimeshamwongezea muda mara moja. Hakingemwongezea tena. Alituambia hayo siku ile ile ya kwanza, hotelini, alipokuwa akichekwa. Hakulia wala hakucheka. Alimwangalia Mwenyeji akasema, "Nimeacha mshahara kwa ajili ya kikaratasi hicho, Mzee. Soma taratibu."

Mwenyeji akavua miwani. Nilijua amempenda, na nikamwonea huruma, kwa maana aliowapenda ndio aliowakamua.

Akampa somo moja kabla hajaanza kazi. "Ukifika kwa watu usiulize njia ya ng'ombe, wala mapito, wala barabara. Neno lenyewe ni malka. Uliza malka iko wapi. Hilo ndilo neno la hapa."

Kweli ndilo. Malka ni njia ya ng'ombe kushuka mtoni, ikipita katikati ya mashamba. Mimi nilikuwa nimelisikia mara nyingi bila kulitazama, kama mtu anavyosikia adhana ya mtaa wa pili.

Tulianza na wafugaji, na neno likafungua kila mlango. Mzee mmoja wa Kiorma, mwenye ndevu nyekundu za hina, alilisikia likitoka kinywani mwa binti wa Nairobi akasimama akampa kiti chake.

"Wewe naita malka?" akasema. "Sasa wewe ni mtoto yetu. Kaa. Kunywa maziwa. Andika yote."

Akaandika yote. Wazee walichora chini kwa fimbo zao: malka ya hapa, malka ya pale, ile ya babu, ile iliyozibwa na migomba. Malisho akaihamisha michoro hiyo kwenye karatasi kubwa, ramani safi yenye rangi, na kabla hatujaondoka akawaachia nakala. Alifundishwa chuoni kwamba mtafiti mwadilifu huwarudishia watu walichompa. Wazee waliikunja nakala ile kwa uangalifu, wakaifunga ndani ya kitambaa.

Njiani, nyuma ya pikipiki, aliimba. Nilimsikia ingawa upepo ulikuwa mkali.

Kisha tukaenda kwa wakulima, kijiji kimoja juu ya Golbanti. Tulimkuta bibi mmoja akipalilia chini ya migomba, kanga ameifunga kiunoni, jembe lake limelika hadi limekuwa kama kijiko. Malisho akamwamkia, akachuchumaa kwa adabu, akauliza:

"Bibi, malka yako iko wapi?"

Jembe likasimama.

"Nani amekwambia mimi niko na malka?"

"Samahani, bibi, nauliza tu mahali ng'ombe wanapopita."

"Wanapita nikiwaruhusu. Nisiporuhusu ni wezi. Hii ni shamba. Hii migomba amepanda mama yangu." Akamnyooshea jembe, si kwa kumtisha, ila kama mwalimu na kijiti chake. "Malka ni mahali pa ng'ombe. Ukisema iko hapa, hapa si kwangu tena. Ukiandika, umewapa. Nani amekutuma?"

Ndipo nilipoelewa, na Malisho akaelewa muda huo huo. Nilimwona anavyoshika kalamu. Neno lile kwa wafugaji lilikuwa haki yao. Kwa wakulima lilikuwa hati ya kuwanyang'anya. Mpatanishi yeyote mwenye akili kando ya mto huo husema "njia" akiwa mashambani, na hulificha hilo jingine chini ya ulimi. Lakini habari zilikuwa zimeshatangulia. Tulipofika shamba la pili, mlango ulikuwa umefungwa. La tatu, watoto walikuwa wameingizwa ndani. Mwenyekiti wa kijiji akatufuata, akamwambia Malisho kwa upole kwamba wapimaji wa malka hawatakiwi, na ni vizuri akiondoka mapema, jua ni kali.

Tulimkuta Mwenyeji anasonga ugali.

"Ulijua," Malisho akamwambia.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeandika kwamba neno hili ni nyeti. Mstari mmoja. Sasa hutaandika, utakumbuka." Akageuza ugali. "Leo ndiyo umefika. Umenyimwa."

"Nina nusu ya utafiti, Mzee. Nusu haipiti. Nenda useme kwao mimi ni mtu wako, wanifungulie."

"Hapana."

"Neno moja tu."

"Nikikudhamini leo, siku utakapokosea tena watanidai mimi. Kula, kinapoa."

Hakula. Asubuhi alinikodi kwa pesa yake, tukarudi kwa yule bibi. Akachukua jembe, akapalilia. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku nyingine nyingi, viganja vikachubuka, vikapona, vikachubuka tena. Bibi alimwacha. Alimletea maji, alimwonyesha namna ya kushika jembe, alicheka naye. Shamba lilipokwisha, lote, hadi kwenye ukingo wa mto, Malisho akafuta jasho akamuuliza kama sasa wanaweza kuongea.

"Ahsante kwa palizi, mwanangu," bibi akasema. "Sasa nenda kwenu."

Nilipomsimulia Mwenyeji hayo, alicheka hadi akakohoa. "Bibi yule," akasema, "ningekuwa na chuo ningempa uprofesa."

Muda ukamwishia. Malisho akarudi Nairobi na nusu yake. Labda angepata namna ya kuimalizia huko, kwa maana alikuwa mtu wa kujitahidi. Lakini ukame ukaja, ng'ombe wakashuka mtoni, na wazee wakaifungua ile ramani kutoka kwenye kitambaa. Wakaenda nayo mashambani. "Chuo kikuu chenyewe kimeandika," wakasema. "Malka iko hapa." Wakapitisha ng'ombe katikati ya migomba ya yule bibi, mchana, wakiwa na karatasi mkononi. Hakuna aliyekufa. Ila migomba ile haikusimama tena, na mto mzima ulikaa siku kadhaa ukinusa damu.

Mwenyeji akawapatanisha. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko watu wote, na sijapata kuiona ikifanywa vizuri kama siku hiyo. Aliwakalisha wote, akawasalimu kila upande kwa lugha ya mwenziwe, akawaacha watukanane hadi wachoke. Kisha akawapa kitu cha kukubaliana: kwamba kosa si la mfugaji wala la mkulima, ni la msichana wa chuo aliyekuja kuchora asichokijua. Pande zote mbili zikaitikia. Bibi akapewa ndama. Ramani ikachomwa. Wakala pamoja.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Tulipotoka nikamwambia, "Neno lile ulimpa wewe."

"Kosa likiwa la mgeni halina ndugu," akasema. "Halina wa kulipiza."

Wakulima wakapeleka malalamiko chuoni kuhusu neno lile na ramani yake. Chuo kikamsimamisha Malisho hadi msimamizi mwenyeji aeleze neno lile lilitoka wapi. Mwenyeji hakujibu. Walimuuliza tena, hakujibu tena. Alinipiga marufuku kumtaja Malisho ofisini. Kisha wafadhili wakaenda zao, vyumba viwili vikawa ghala la magunia kama lile la jirani, na yeye akatoweka Garsen bila kuaga, jambo ambalo mimi siwezi kumlaumu kwalo.

Tulifika Ozi alasiri. Nyumba yake haikuwa mbali na gati, ya udongo, imeezekwa makuti mapya. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akingoja saruji yake. Amekonda, sikio moja halisikii vizuri. Kwanza alihesabu mifuko kwa macho, ndipo akaniangalia mimi.

"Mpita-njia. Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimeamka tu."

"Utalala wapi?"

"Sijui."

"Basi kaa."

Nikamuuliza anaonaje huku. Akasema huku chini ng'ombe ni wachache, watu wanagombana kuhusu chumvi inayopanda mtoni ikiua mpunga, na chumvi haina wazee wa kukaa nao kikao. Amepumzika. Akaniletea chai. Sikuinywa kwanza.

"Malisho bado ananipigia simu," nikasema.

"Najua. Mimi pia alikuwa ananipigia, nikabadilisha laini."

"Wamempa hadi mwisho wa muhula. Ukiwaambia neno lile lilitoka kwako, na kwamba hukumwonya, wanamrudisha. Wewe huna ofisi tena. Huna cha kupoteza."

Alinitazama kwa macho yale yale ya hotelini, ya kumtazama mtu anayetafuta maneno.

"Ng'ombe wanashuka mtoni sasa hivi," akasema. "Mwaka huu hujasikia fujo. Unajua kwa nini? Kwa sababu pande zote zinakubali kwamba safari ile aliyekosa ni yule binti. Ule ndio msingi, Mpita-njia. Nikisema ni mimi, niliyekaa nao meza moja, niliyekula chumvi yao, watauliza nilimtuma kwa faida ya upande gani. Kila mmoja atasema wa mwenziwe. Yule bibi atamrudisha ndama kwa kumchinja mlangoni kwa watu."

"Kwa hiyo yeye afe ili wao wapone."

"Hafi. Anakosa shahada."

"Alikuwa wa pekee, Mzee. Wewe mwenyewe ulisema hujaletewa mwingine kama yeye."

"Ndiyo."

"Na ulimfanyia kwa mchezo."

"Ndiyo," akasema. Nilingoja. Nilidhani uzee umemlainisha mahali fulani na kwamba nikingoja patatokea. Alichokonoa jino. Kuku akapita katikati yetu.

Kisha akasema, "Mwambie nimekufa."

Nikadhani sikusikia.

"Nimezisoma kanuni zao, walinitumia. Mwanafunzi akifiwa na msimamizi mwenyeji, anatafutiwa shirika lingine, na maswali yote aliyokuwa akiulizwa marehemu yanafungwa. Anaanza upya, mto mwingine. Mito iko mingi Kenya." Akasukuma kikombe changu karibu. "Nikiwa hai namzuia. Nikifa namwachia. Simu yangu haipatikani, ofisi ni magunia. Nani atakayebisha? Piga."

"Si utaandika tu barua useme kweli?"

"Piga, au unywe chai unyamaze."

Nilizunguka nyumba hadi mahali mtandao ulipokamata, chini ya ukuta wa jiko. Akanifuata na kigoda chake, akakaa, akanielekezea lile sikio zima. Simu ikaita mara moja tu.

"Amesema?" Malisho akauliza, kabla ya salamu.

Nikamtazama mzee. Akanipungia mkono, endelea.

"Mwenyeji amefariki," nikasema.

Nikamweleza upesi ile kanuni, shirika lingine, kuanza upya, kama nilivyoelezwa. Sikumsikia akishangilia wala akivuta pumzi ya nafuu. Nilisikia analia. Alilia kama watu wanavyolia msibani, kwa sauti, bila kuona haya, na katikati ya kilio akaniuliza kama aliugua muda mrefu, kama palikuwapo mtu wa kumpikia.

"Palikuwapo," nikasema.

"Nilikuwa nataka kuja," akasema. "Nilikuwa nataka nimwonyeshe kazi yangu kwanza yeye, kabla ya chuo."

Mwenyeji alikuwa ameinamisha kichwa, sikio karibu na simu. Akanyanyua nyusi kuniuliza: analia? Nikaitikia kwa kichwa. Akaangalia chini, akasugua goti kwa kiganja, akasugua, kama mtu aliyepata doa kwenye nguo safi.

"Amezikwa wapi?" Malisho akauliza.

"Ozi," nikasema, kwa kuwa hapo ndipo tulipokuwa.

Alipokata simu, tukarudi barazani, yeye na kigoda chake. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi, na ndani ya nyumba nilikiona chumba kimoja chenye kitanda kimoja cha kamba. Nikamwambia Mwenyeji nitalala barazani, sihitaji kitu. Marehemu akainuka, akajishika kiuno, akaingia ndani kunitandikia.